Mgongo Umepona, Nyumba Inaumwa

Mshauri wetu, shikamoo, na unisamehe kwa barua ndefu, lakini naomba unisikilize hadi mwisho kwa sababu jambo langu ukilisikia nusu utacheka na ukilisikia lote naamini utanihurumia, maana mimi ni mtu mzima, mume wa mtu, baba wa watoto, nina kazi yangu ya heshima, na sasa ndoa yangu inataka kuvunjika si kwa ulevi, si kwa wanawake, si kwa kipigo, bali kwa sababu mgongo wangu umepona.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa nyuma ya cherehani tangu ndevu hazijaniota sawasawa, nimeinamia kitambaa mwaka baada ya mwaka mpaka mgongo ukazoea kuinama ukakataa kurudi, na pale karakana wenzangu wakanipa jina la Ndoano, wakawa wananiita hivyo hata mbele ya wateja, na mimi nikawa naitika kwa sababu kweli nilikuwa nimepinda. Sindano ikianguka chini nilikuwa naiacha hukohuko nachukua nyingine. Usingizi wangu ulikuwa wa kugeuka tu, upande huu unauma, upande ule unauma zaidi, asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala na yeyote atakayenisemesha kabla ya chai atajuta.

Mke wangu ni msusi. Kutwa amesimama saluni anasuka vichwa vya watu, lakini jioni tukishakula na watoto wakishaondoka mezani, alikuwa ananiambia, "Haya, lala," nami nalala kifudifudi sebuleni, yeye anachukua chupa ya dawa ya kuchua, anakaa pembeni yangu, ananichua mgongo taratibu huku tunapiga stori, za wateja wake, za wateja wangu, nani kaolewa, nani karudi kwao, mtoto gani anahitaji viatu. Chini ya bega la kushoto nilikuwa na fundo gumu kama kifungo cha koti, naye akalipa jina, akaliita Mpangaji, kwa sababu alisema kaingia bila kukaribishwa, halipi kodi na hatoki. Basi ikawa kila jioni, "Mpangaji leo yukoje?" nami najibu, "Leo kaleta na ndugu zake," tunacheka wenyewe mpaka watoto wanachungulia mlangoni. Mshauri, naomba hili la Mpangaji uliweke akilini kwa sababu ndilo lililoniponza.

Niseme pia, ili usije ukasema nimeficha, kwamba miaka mingi nyuma mke wangu aliniambia niwe nainuka kwenye kile kiti kila baada ya muda ninyooshe viungo, akanionyesha hata namna ya kuinua mikono na kuzungusha mabega, nikamjibu kwamba mimi ni fundi, si mwanasarakasi. Hakurudia tena. Yeye mwenyewe asubuhi huwa namwona anakunja na kukunjua vidole, anavipulizia, nadhani ni baridi, lakini hilo si neno.

Sasa, mgongo umeponyeshwa na yoga, yale mazoezi ya kunyoosha viungo na kuvuta pumzi, na ilianza hivi. Alikuja karakana mama mmoja, mkunga mstaafu, anafundisha yoga alfajiri kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akataka niwashonee wanafunzi wake suruali za mazoezi, wote wanawake, nikaenda na futi yangu nikawapima mmoja mmoja nilivyofundishwa na nilivyopima watu maisha yangu yote, mtu anasimama wima, miguu pamoja, macho mbele. Zikatoka suruali safi, zinakaa mwilini utadhani mtu kazaliwa nazo. Siku waliyozivaa, walipoinama tu, zote zikapasuka makalioni. Mwalimu akazirudisha zote kwenye mfuko mmoja akanibwagia mezani, akaniambia, "Fundi, umepima watu waliosimama. Sisi kule tunainama."

Nikamwambia nitaongeza kitambaa. Akaniuliza, "Utaongeza wapi na hujui mwili unaenda wapi? Njoo kesho uone mwenyewe." Nikaenda na futi na chaki, nikakaa ukutani kwa adabu, akaniambia kwa macho sitajua kitu, nipande kwenye mkeka. Mshauri, yule mama amezalisha nusu ya mji huu, akisema "pumua" unapumua kwanza maswali baadaye. Nikapanda. Wenzangu wanagusa sakafu, mimi vidole vyangu viliishia magotini vikagoma. Akasema, "Hapohapo panatosha, usishindane na mtu, pumua." Mwisho tukalala chali bila kufanya lolote, eti nalo ni zoezi, nikakoroma, wakacheka, lakini niliposhuka zile ngazi kwenda kazini nikagundua nawatazama watu usoni. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa natazama watu usoni, nilikuwa najua viatu vyao tu.

Suruali nikazishona upya na hazikuchanika tena, lakini na mimi nikawa nimenasa. Kila alfajiri nipo. Polepole vidole vikashuka, vikapita magoti, vikafika kwenye vifundo vya miguu, na siku moja nikagusa sakafu nikataka kulia. Sindano ikianguka naiokota. Nalala usingizi mzito mpaka asubuhi. Kichwa kilichokuwa kikinigonga kila mchana kimeacha. Mkono hautetemeki nikitunga uzi, na mteja akija na makelele kwamba nguo haijaisha navuta pumzi ndefu naitoa taratibu, namjibu kistaarabu, wakati zamani ningemtupia kitambaa chake. Wenzangu karakana wameacha kuniita Ndoano, sasa wananiita Rula.

Basi kwa nini sikumwambia mke wangu? Kwanza aibu. Mimi mwanamume peke yangu katikati ya akina mama, tena mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka zaidi karakana kwamba hawana kazi za kufanya wanajikunjakunja. Halafu, na hili ndilo kubwa, ningemwambiaje kwamba aliloniambia yeye nikalipuuza, mwanamke mwingine ameniambia nikalifuata? Nikaona bora ninyamaze. Nikawa namwambia natoka alfajiri kwa sababu kazi zimezidi.

Mambo yakaharibika jioni moja. Nimelala kifudifudi kama kawaida, ananichua, mara kidole gumba kikasimama, kikazunguka, kikarudi. Akauliza, "Mpangaji yuko wapi?" Akatafuta tena, bega zima, akabonyeza hapa akabonyeza pale. "Baba watoto, nakuuliza, Mpangaji kahama?" Nikasema labda ni kwa sababu nimebadilisha kiti cha kazini. Akafunga chupa ya dawa, akasema haya, Mungu mkubwa. Kesho yake akapita karakana kama anaazima mkasi, akakiona kiti ni kilekile na mto uleule alionishonea yeye mwenyewe, na fundi wetu wa kupiga pasi, ambaye mdomo wake hauna mfuniko, akamwambia, "Shemeji, siku hizi huyu anaingia saa mbili, tena anaingia anapiga mluzi." Na mimi nyumbani natoka alfajiri. Hebu piga hesabu wewe ungekuwa yeye.

Aliporudi hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikaa akaniambia, "Miaka yote hii nimemfukuza mimi hakutoka. Leo katoka kwa mkono wa nani?" Nikaapa hakuna mtu. Akasema, "Mgongo haujichui wenyewe."

Sasa sikia nilivyozidi kuharibu. Nikafikiri, kama tatizo ni kwamba mgongo umepona, basi uanze kuuma tena. Jioni nikaingia nimejikunja, nimeshika kiuno, nalalamika jamani mgongo, jamani mgongo, nikajilaza mwenyewe kabla hajasema lala. Akaja, maskini, akaja kweli, akakaa, akaweka mikono. Haikuchukua muda. Akasema, "Huu si mgongo unaouma. Huu mgongo naujua kuliko unavyoujua wewe. Unaigiza." Akainuka akaenda chumba cha watoto na tangu siku hiyo ndiko analala. Ameniambia mwisho wa mwezi anaenda kwa kaka yake, na nilipomuuliza anakwenda kufanya nini alinijibu, "Kupumzisha mikono, maana hapa haina kazi tena."

Mshauri, nampenda mke wangu, sijawahi kugusa mtu mwingine, na sitaki aende. Je, niache yoga kabisa, mgongo urudi ulivyokuwa na yeye arudi alivyokuwa? Au niendelee, nibaki nimenyooka kama msumari ndani ya nyumba isiyo na mtu? Naomba unijibu haraka, mwisho wa mwezi hauko mbali.

Ni mimi, Fundi Rula, zamani Ndoano.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Umesema nikisikia nusu nitacheka. Nimecheka, sikufichi, pale kwenye suruali nilicheka mpaka chai ikamwagika. Huruma nimeibakiza, lakini usiimalize yote peke yako, kwa sababu sehemu kubwa nimemwekea mkeo.

Tuanze na swali lako, maana ni swali la ajabu kuliko yote niliyoletewa mwaka huu. Uache yoga ili mgongo urudi kuuma, mke apate kuuchua? Mtu kapona unataka arudi wodini kwa sababu muuguzi kanuna? La hasha. Hutaacha. Nani aliyekudanganya kwamba mapenzi ya mkeo yalikuwa yamekaa kwenye ugonjwa wako? Endelea na mkeka wako kila siku, na nitakwambia kwa nini, ili siku nyingine fundi wa pasi akikucheka uwe na la kumjibu.

Mwili wa mtu unashika kile unachoufundisha. Wewe uliufundisha kuinama, ukainama. Sasa unaufundisha kunyooka, unanyooka, na hakuna uchawi hapo, ni mazoea tu. Misuli iliyokuwa imekaza inalegea, ile iliyokuwa imelegea inapata nguvu ya kukubeba, viungo vinakumbuka njia zake. Na ile pumzi, ambayo watu huiona kitu cha mchezo, ndiyo iliyokulaza usingizi na ndiyo iliyofunga mdomo wako siku ya mteja mkorofi. Mtu akivuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, moyo unatulia, na moyo ukitulia akili inapata nafasi ya kuchagua neno. Mwalimu wako ni mkunga, hilo analijua kuliko mimi, kawaona wanawake katika saa ngumu kuliko zote wakishikilia pumzi hiyohiyo.

Lakini usije ukaifanya dawa ya kila kitu. Siku ukisikia maumivu yanateremka mguuni au ganzi inakushika, hiyo ni ya daktari, usiende kujikunja nayo. Na umefanya vyema kwenda kidogo kidogo kila alfajiri. Wapo wanaokwenda mara moja kwa mwezi, wanajinyonga kama kamba kwa kutaka sifa, kesho yake hawawezi kuvaa viatu, halafu wanasema yoga mbaya. Mwalimu alikwambia usishindane. Lishike hilo.

Haya. Mgongo tumeumaliza. Sasa njoo hapa karibu nikuseme.

Fundi, wewe una bahati mbaya ya kuwa na akili kwenye kitambaa na kuikosa sebuleni. Unaniambia umemficha mkeo kwa aibu ya kukaa na akina mama. Nimekusamehe, wanaume wengi wangeona aibu. Unaniambia tena umemficha kwa sababu yeye alikwambia ukapuuza na mwingine alikwambia ukafuata. Hapo ndipo penye mwiba, na umepanda juu yake ukakaa. Ulipoona ukweli utakushushia hadhi kidogo, ukachagua uongo uliomshushia yeye hadhi yote. Kazi zimezidi, kiti kimebadilishwa, mgongo jamani mgongo! Mwanamke ambaye vidole vyake vimesoma mgongo wako kwa miaka, wewe unakwenda kumwigizia kwa mgongo huohuo? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kuficha madaftari mahali ambapo mama hafagii.

Na bado hujaelewa kilichomuuma. Unadhani ni wivu. Wivu upo, asingekuwa mtu. Lakini soma tena maneno yake uliyoniandikia mwenyewe. "Hapa haina kazi tena." Hajasema haina mume, kasema mikono yake haina kazi. Ile saa ya jioni ndiyo ilikuwa saa yenu. Ndipo mlipocheka, ndipo mlipopanga viatu vya watoto, ndipo aliposikia mambo yako na wewe yake. Umeshukuru mgongo kupona, sawa, ila yule aliyekaa nao wakati hauponi hujamwambia hata asante. Ni kama umemwachisha kazi bila notisi, halafu unashangaa anafungasha.

Sasa shika kichwa, kwa sababu nakuja kwenye neno ulilosema si neno.

Mkeo ni msusi. Anasimama kutwa, mabega juu, shingo imepinda kwenye kichwa cha mteja, vidole vinakaza nywele msuko baada ya msuko. Jioni anarudi, anapika au anasimamia anayepika, na vidole vilevile vinakuja kukuchua wewe. Asubuhi anavikunja, anavikunjua, anavipulizia, na wewe mumewe umekaa unatazama unasema ni baridi. Baridi gani, fundi? Mwaka mzima? Yule mwanamke anaumwa mikono! Ameumwa mikono ukiwa umelala kifudifudi mbele yake unamhadithia Mpangaji wako kaleta ndugu. Wewe ulikuwa na mtu wa kukuuliza kila jioni unaumwa wapi. Yeye nani kamuuliza?

Nimemaliza kukusema. Pole. Ulikuja na barua ndefu ya kweli, na mtu anayeandika kweli kuhusu upumbavu wake anasaidika.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje mwisho wa mwezi. Ukitoka karakana usipitie dukani kununua zawadi. Zawadi sasa hivi itanuka hatia, ataipokea kwa ncha ya vidole ataiweka juu ya kabati. Nenda moja kwa moja nyumbani, watoto wakishakula, mwombe aje sebuleni. Kama hataki kutoka chumba cha watoto, kaa mlangoni hapohapo sakafuni, siku hizi unaweza. Anza na neno hili bila kulizungusha: "Ulinishauri ninyooshe viungo nikakudharau. Akaja mtu mwingine akaniambia lilelile nikalifuata, na nikaona aibu kukuambia." Halafu mwambie yote, ukumbi, ngazi, suruali zilizochanika, ulivyokoroma. Atakasirika. Mwache. Usimwambie atulie na usimfundishe kupumua, ole wako, siku hiyo hutakuwa mwalimu wa mtu. Pumua wewe.

Kisha mpeleke akaone kwa macho yake. Alfajiri ya kesho, kama yuko tayari, pandeni ngazi pamoja. Mwalimu atamweleza mwenyewe nani amemtoa Mpangaji, na akina mama wote walioshonewa suruali za kupasuka watamshuhudia. Mtu aliyekuwa akiwaza kuna kitanda mahali akikuta kuna mikeka na mkunga mzee anafoka "pumua," moyo utarudi mahali pake. Na akisema ukumbini haendi, usimlazimishe. Tandika mkeka hapohapo sebuleni mfanye wawili, hata kama kwa siku za mwanzo atakuwa anakaa kwenye kiti anakutazama kwa jicho la pembeni. Vidole vyake, mabega yake na shingo yake vinaihitaji hii yoga kuliko ulivyoihitaji wewe. Aanze taratibu, na ile mikono kwanza aionyeshe kwa daktari, kwa sababu imeumia kimya muda mrefu.

Ile saa yenu ya jioni isife. Chupa ya dawa ya kuchua itoe kabatini uiweke mezani. Mgongo mzima nao unapenda kushikwa, usijifanye hauhitaji tena. Ila sasa ni zamu, na zamu ya kwanza si yako.

Mwisho, chukua kitambaa kizuri, kile unachowawekea wateja wako wa heshima, umshonee mkeo suruali ya mazoezi. Mpime jioni hiyohiyo. Na tafadhali, mara hii usimpime amesimama kama ulivyofundishwa. Mwambie akae, mwambie ainame, mwambie anyooshe mikono juu kama alivyokuonyesha yeye miaka ile ukamjibu wewe si mwanasarakasi, na wewe umzunguke na futi yako polepole.

Ukifika mabegani, weka futi chini. Bonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akikufanyia. Nakuhakikishia na yeye ana mpangaji wake, kakaa humo miaka yote hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza leo yukoje.